Neno "Safari" na Kumbukumbu za Wasafiri

Neno "safari" asili yake ni Kiarabu, nalo katika Kiswahili ni mwendo wowote wa mbali: wa biashara, wa kuhiji, au wa kuzuru jamaa. Wageni walipolitwaa, walilipunguza wakalifanya la porini tu. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, akaingia bara na wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na habari zake zikatoka katika kitabu mwaka 1910. Kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani, safari ikawa ndiyo hiyo.

Lakini miaka 13 kabla yake, mwaka 1896, Salim bin Abakari, mtu wa Komoro, alikuwa amekwisha kufuatana na Dkt. Bumiller hata Urusi na Siberia. Aliyoyaona aliyaeleza kwa Kiswahili, na Carl Velten akayapiga chapa mwaka 1901 katika "Safari za Wasuaheli". Humo atazamaye ni Mwafrika, na nchi ngeni ni ile ya baridi. Nayo iliitwa safari, pasipo simba wala tembo.

Kenya ilipokataza uwindaji mwaka 1977, kamera ilishika mahali pa bunduki, na maana ya kigeni ikageuka tena. Ile ya Kiswahili haikugeuka. Basi atafutaye historia ya safari katika vitabu vya wawindaji peke yake hupata nusu yake. Nusu ya pili imo katika maandiko ya wenye neno.