Chaji ya sumaku: Waya umeondoka, joto limebaki

TUNDU la kuchajia ni miongoni mwa viungo vya simu vinavyochoka mapema. Vumbi la barabarani, nyuzi za mfuko wa suruali na mkono wenye haraka unaochomeka na kuchomoa waya mara tatu au nne kwa siku huliacha limelegea, hadi mwenye simu analazimika kuupinda waya na kuuegemeza kwenye kitabu ndipo chaji iingie.

Ni adha hiyo, pengine kuliko urembo, inayowavutia wengi kwa kile kifaa kidogo cha duara ambacho hunata mgongoni mwa simu kwa nguvu za sumaku na kuitia chaji pasipo kuchomeka chochote kwenye simu yenyewe. Swali ni iwapo kinastahili fedha zinazodaiwa kwacho, na iwapo betri inakipenda kama anavyokipenda mwenye simu.

Kwanza yafaa kuondoa dhana inayozuka kutokana na jina lenyewe. Sumaku haichaji simu. Kazi yake ni kushika tu. Kinachochaji ni koili mbili za waya wa shaba, moja ndani ya chaja na nyingine ndani ya simu. Umeme unaobadilisha mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde hupitishwa katika koili ya chaja, nao huzua uga wa sumaku unaobadilika vivyo hivyo. Uga huo unapoipenya koili ya simu, huzalisha umeme humo. Kanuni hii si ngeni hata kidogo. Mwingereza Michael Faraday aliithibitisha jijini London mnamo 1831, na ndiyo inayoziendesha transfoma tunazoziona juu ya milingoti ya stima vijijini.

Koili hizo, hata hivyo, ni sharti zikabiliane barabara. Zikikosana kwa milimita chache tu, sehemu kubwa ya nguvu hupotelea pembeni, na zikikosana zaidi, chaji hukatika kabisa.

Niliwahi kumiliki kibao cha aina ya zamani kisichokuwa na sumaku. Usiku mmoja nilitoka kazini baada ya kurasa za mwisho kupelekwa mitamboni, nikailaza simu juu yake nami nikalala. Ujumbe ulioingia usiku uliitikisa simu ikasogea kiasi cha upana wa kidole. Alfajiri kengele haikulia kwa sababu simu ilikuwa imezimika, na mkutano wa wahariri nikaukuta katikati.

Hilo ndilo tatizo ambalo sumaku ilikuja kulitatua, wala si mara ya kwanza kujaribiwa. Mnamo 2009 kampuni ya Palm ya Marekani iliuza simu aina ya Pre ambayo ingeweza kunata juu ya kijiwe cha chaji chenye sumaku kilichoitwa Touchstone. Simu hiyo haikudumu sokoni na wazo likalala nayo.

Wakati huo muungano wa kampuni uitwao Wireless Power Consortium, ulioundwa 2008, ulikuwa ukiandaa kanuni za pamoja. Ulizitoa 2010 kwa jina la Qi, neno la Kichina lenye maana ya pumzi au nguvu ya uhai, ambalo hutamkwa "chi". Nokia ilizitumia katika Lumia 920 mnamo 2012, na Apple ikafuata kwa iPhone 8 na iPhone X mnamo 2017. Zote hazikuwa na sumaku ya kuzipanga juu ya chaja. Mwaka huo huo Apple ilitangaza kibao kiitwacho AirPower ambacho kingechaji vifaa vitatu popote ambapo vingewekwa juu yake, kisha Machi 2019 ikaufutilia mbali mradi huo ikikiri kwamba haukufikia viwango vyake.

Jawabu lilirejea palepale Palm ilipokuwa imeliacha. Oktoba 2020 Apple ilizindua iPhone 12 ikiwa na duara la sumaku mgongoni, mfumo iliouita MagSafe, na kasi ya kuchaji bila waya ikapanda kutoka wati 7.5 hadi 15. Baadaye ilikubali muundo huo utumiwe na muungano, na Januari 2023 kanuni mpya za Qi2 zikatangazwa. Simu za Google aina ya Pixel 10, zilizotoka 2025, zina sumaku hizo ndani, ilhali Galaxy S25 za Samsung za mwaka huo huo zinahitaji kava yenye sumaku. Kwa msomaji wa humu nchini ambaye bei za simu hizo zinamtisha, Infinix nayo ilileta chaji ya sumaku ya wati 20 katika simu za Note 40 mnamo 2024.

Faida za mpango huu hazihitaji maneno mengi. Simu hukaa pale inapopaswa kukaa. Unaweza kuiinua na kuzungumza huku chaja ikiwa imeng'ang'ania mgongoni, jambo lisilowezekana kwa vibao vya zamani. Tundu la kuchajia hupumzika, na iwapo limeingia maji ya mvua, simu bado inaweza kuchajiwa bila kusubiri likauke, almuradi mgongo wake umepanguswa. Duara lilo hilo hushika simu kwenye gari, mezani au kwenye kiguu cha kupigia picha. Kwa mwenye vidole vinavyotetemeka au macho yaliyopungua nguvu, kutolazimika kulitafuta tundu gizani ni nafuu ambayo vijana wanaounda vifaa hivi huenda hawakuifikiria.

Lakini kuna joto.

Umeme usioifikia betri hautoweki. Hugeuka joto, na sehemu yake hutokea ndani ya simu yenyewe, karibu kabisa na betri. Betri za lithiamu huzeeka kwa sababu ya mabadiliko ya kikemikali ndani yake, na joto huyaharakisha. Apple yenyewe inaonya kuwa mazingira yaliyozidi nyuzi 35 za Selsiasi yanaweza kupunguza uwezo wa betri kabisa, na kwamba kuchaji katika hali hiyo huzidisha madhara. Kwa mkazi wa Lodwar au Garissa, joto la mchana pekee mara nyingi hukaribia kiwango hicho hata kabla ya chaja kuwashwa.

Simu za kisasa hujilinda kwa kupunguza kasi, na nyingine husimama zikifika asilimia 80 hadi zipoe. Ndiyo maana mtu hushangaa kuona simu imekaa kwenye chaja saa nzima bila kuongeza chochote. Mahali pabaya zaidi pa kuitumia chaja hii ni kwenye kioo cha mbele cha gari, jua likiwaka na programu ya ramani ikiendelea. Usiku, kwenye chumba chenye hewa na kava nene ikiwa imevuliwa, madhara hupungua sana.

Kuhusu upotevu wa kawi, jaribio lililochapishwa Marekani mnamo 2020 kwa simu aina ya Pixel 4 lilionyesha kwamba kuijaza kwa waya kulihitaji takriban wati-saa 14, na bila waya takriban 21, yaani asilimia 47 zaidi. Simu hiyo haikuwa na sumaku, na kuzipanga koili vyema hupunguza hasara, ila hakuimalizi.

Je, hasara hiyo ina uzito gani mfukoni? Tofauti ya wati-saa saba kila siku, kwa mwaka mzima, haifikii uniti tatu za tokeni. Aliye na stima nyumbani hana haja ya kukosa usingizi kwa hilo. Mambo ni tofauti kwa anayetegemea paneli ndogo ya jua au betri ya akiba ya kubebwa mfukoni, kwani kwa hesabu iyo hiyo, karibu theluthi ya nguvu alizozihifadhi huishia kuwa joto. Zile betri ndogo za akiba zinazonata mgongoni mwa simu zinapendeza, lakini kwa msafiri wa mbali waya ungali mwaminifu zaidi.

Waya pia ungali na kasi. Note 40 Pro+ ya Infinix hupokea hadi wati 100 kwa waya na 20 bila waya. iPhone 16, iliyotoka 2024, ilipandisha chaji ya sumaku hadi wati 25, mradi kichwa cha chaja kiwe cha wati 30 au zaidi. Anayetumia kichwa cha zamani cha wati tano asilaumu sumaku.

Lipo jambo moja ambalo halihusu fedha. Januari 2021 madaktari wa jimbo la Michigan, Marekani, walieleza katika jarida la Heart Rhythm jinsi iPhone 12 iliyosogezwa kifuani mwa mgonjwa ilivyokizuia kifaa kilichopandikizwa mwilini mwake kufanya kazi yake ya kuushtua moyo unapopiga vibaya. Vifaa hivyo, pamoja na vile vya kudhibiti mapigo ya moyo, hutengenezwa makusudi vibadilike vinapokaribiwa na sumaku, ili daktari aweze kuvituliza inapobidi.

Mamlaka ya dawa na vifaa vya matibabu ya Marekani, FDA, ilisema hatari kwa wagonjwa ni ndogo, ila ikashauri simu zenye sumaku kali ziwekwe umbali wa sentimita 15 au zaidi. Apple inataka umbali huo uzidi sentimita 30 wakati simu inachajiwa bila waya. Mwenye kifaa hicho, basi, asitie simu ya namna hii katika mfuko wa shati, na asilale ikichaji karibu na mto. Kama una mzazi aliyepandikizwa kifaa cha moyo na unakusudia kumpa simu mpya, mwulize daktari wake kwanza.

Kadi nazo zina masharti yake. Ukanda mweusi wa sumaku ulio nyuma ya kadi ya benki au kadi ya kufungulia mlango wa hoteli unaweza kuharibiwa ukiwekwa kati ya simu na chaja.

Anayekwenda dukani atazame kama boksi lina alama ya Qi2, kwa kuwa maneno "inanata kwa sumaku" hayathibitishi lolote kuhusu kasi wala usalama. Zipo pete za chuma za kubandika mgongoni mwa simu yoyote. Zitaifanya inate, lakini simu isiyo na koili ndani haitachajika ng'o. Zipo pia nyaya zenye ncha ndogo ya sumaku inayoachwa ndani ya tundu. Hizo ni waya kama waya nyingine, na ncha yenyewe hunasa vyembe vya chuma, palepale umeme unapopitia.