Shahada ya uzamili katika ukanda wa madini: mambo ya kupima kabla ya kujiunga

Wahitimu wengi wa Shinyanga na Geita huichukulia shahada ya uzamili kuwa hatua inayofuata baada ya kukosa ajira mgodini. Uamuzi huo unahitaji kupimwa kwa kuangalia kada husika inadai nini.

Kwa mhandisi, kinachotangulia ni usajili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humwandikisha kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha humtaka afanye kazi chini ya usimamizi, kwa kawaida kwa miaka mitatu, kabla ya kumtambua kuwa mhandisi mtaalamu. Miaka hiyo haipatikani darasani.

Aliyekwisha kuajiriwa ana njia ambayo wengi hawaiulizii. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinawataka wamiliki wa leseni kuwa na mipango ya ajira, mafunzo na urithishaji wa nafasi zinazoshikwa na wageni. Ni busara mtumishi akaulizia mipango hiyo kwa mwajiri kabla ya kujilipia ada.

Anayelenga kufundisha chuo kikuu hana hiari: Mhadhiri Msaidizi lazima awe na uzamili. Hata hivyo, ufaulu wa shahada ya kwanza nao huangaliwa, kwa kawaida wastani usiopungua 3.8, na uzamili haufuti wastani hafifu wa awali.

Kuhusu fedha, mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 hukatwa 150,000 kila mwezi, kabla ya kodi ya nyumba, nauli na ada mpya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo Shinyanga, humwezesha kusoma bila kuacha kazi.

Fani nayo ichaguliwe kwa kuzingatia kuwa mgodi una ukomo. Buzwagi, wilayani Kahama, ulifungwa mwaka 2021. Mgodi unapofungwa, wachimbaji hupungua, lakini kazi ya kurejesha ardhi na kufuatilia ubora wa maji huendelea kwa miaka.

Anayekusudia kusoma katika chuo cha nje ya nchi, hata kwa njia ya mtandao, athibitishe mapema na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iwapo shahada hiyo itatambuliwa.