Kazimoto na Zama za Amri

Katika riwaya za Shaaban Robert kijana ni kioo cha maadili. Karama wa Kusadikika (1951) anashitakiwa kwa kufundisha uanasheria, lakini hatilii shaka hata mara moja kwamba nchi yake yaweza kutengenezeka. Anasimama barazani akijitetea, na msomaji anajua yuko upande gani.

Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, aliivunja desturi hiyo. Katika Kichwamaji (1974) alimleta Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini na kujikuta mgeni kwao. Elimu imemng'oa katika imani ya wazee bila ya kumpandikiza penginepo. Mwisho wake ni kujiua. Mwaka uliofuata, katika Dunia Uwanja wa Fujo, Tumaini anamuua mkuu wa wilaya, naye ananyongwa.

Zama zile hazikuwa na nafasi ya mpweke. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Zaidi ya 300 wakafukuzwa. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, itimizwe kabla ya 1976 kwisha. Kutoka Ukerewe hadi Zombo ya Kilosa, raia mwema akawa yule aendaye na wenziwe.

Ndipo inapofahamika kwa nini mwandishi alilaumiwa kuwa mkata tamaa, na kwa nini Rosa Mistika (1971) ilipigwa marufuku maskulini kwa muda, kabla ya kuja kusomeshwa humo humo. Lakini Kazimoto hakuandikwa ili aigwe. Yeye mwenyewe ni mwenye makosa, na upweke wake haumtakasi. Alilokataa Kezilahabi ni kuificha maiti ili shangwe isiharibike. Katika Gamba la Nyoka (1979) aliuendea uhamishaji wenyewe wa vijiji, na jina la kitabu likabeba hoja: nyoka hujivua gamba, akabaki nyoka.

Vijiji vingi vya amri vilikwishalegea kabla ya miaka ya themanini kumalizika. Kazimoto angali anasomwa, kwani kijana arudiye kwao na elimu isiyo na pa kukaa hajatoweka.