Je, PlayStation Ilileta Vita? Kitenzi Sahihi katika Historia ya Koltani

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hapa Rubavu, mjadala juu ya michezo ya video ukianza darasani, hakosekani mwanafunzi wa kudai kwamba mashine ya PlayStation ndiyo iliyoleta vita ng'ambo ya mpaka. Dai hilo halikuzuka kwetu. Waandishi kadhaa wa nchi za Magharibi waliwahi kuviita vita vya Kongo "Vita vya PlayStation". Kwa kuwa Gisenyi na Goma ni miji iliyoshikana, na Kiswahili huvuka mpaka kila asubuhi pamoja na wachuuzi, tumeona inafaa tulipime dai hilo kwa tarehe na kwa lugha.

Kiini cha dai ni koltani. Madini haya hutoa tantalamu, metali inayostahimili joto kali. Hutumika kutengeneza kapasita, yaani kijisehemu kinachohifadhi na kutuliza umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000. Mwaka huohuo bei ya tantalamu katika soko la dunia ilipanda takribani mara kumi. Mashine ya michezo haikuwa peke yake: wanunuzi wa simu za mkononi na kompyuta walikuwa wameongezeka sana, na viwanda, kwa kuhofia uhaba, viliagiza kupita mahitaji yao.

Athari zake Kivu zilikuwa kubwa. Watu wengi waliacha jembe wakakimbilia machimboni. Maelfu waliingia katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambako gorila na tembo waliwindwa. Novemba 2000 waasi wa RCD waliotawala Goma waliipa kampuni moja, SOMIGL, ukiritimba wa kuuza koltani nje ili wapate fedha. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilizishutumu pia nchi jirani, yetu ikiwamo, kwamba zilinufaika na madini ya Kongo. Serikali yetu ilizikanusha tuhuma hizo. Mwaka 2001 bei ilianguka, na wengi waliokuwa wameacha mashamba wakabaki mikono mitupu.

Hata hivyo, tuitazame kalenda. Vita vya Pili vya Kongo vilianza tarehe 2 Agosti 1998, miezi 19 kabla ya PlayStation 2 kuuzwa. Vile vya kwanza vilipiganwa mwaka 1996 hadi 1997. Chimbuko lake lilikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 na wauaji waliokimbilia Kivu, udhaifu wa utawala wa Kinshasa, pamoja na migogoro ya muda mrefu ya ardhi na uraia. Aidha, bei ilipoanguka mwaka 2001 mapigano hayakukoma; mkataba wa amani ulisubiri hadi Desemba 2002 huko Pretoria. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema kwa miezi sita. Wachimbaji wadogo walikosa riziki, nayo makundi yenye silaha yakaendelea kuwapo.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohitajika. Lugha yetu inatupa vitenzi vitatu: kuanzisha, kuchochea na kurefusha. Mwanafunzi anayeandika kwamba PlayStation ilianzisha vita amekosea tarehe. Anayeandika kwamba bei ya koltani ilichochea mapigano ya kugombea machimbo, au kwamba fedha zake zilisaidia kurefusha vita, ana ushahidi wa kutetea hoja yake. Jambo la pili ni mtenda. Sentensi kama "koltani ilichimbwa na kuuzwa" ni sahihi kisarufi, lakini inawaficha kamanda aliyetoza ushuru, mfanyabiashara aliyesafirisha na kiwanda kilichonunua bila kuuliza. Mtoto wa Tokyo aliyecheza gemu hawezi kubebeshwa mzigo wa hao wote.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ilizitaka kampuni zilizo katika masoko yake ya hisa zichunguze na kutangaza iwapo madini zinayotumia yanatoka Kongo au nchi jirani. Maana yake ni kwamba muulizwaji wa kwanza awe kampuni, kabla ya mchezaji.

Tunapendekeza walimu wa insha watumie mada hii mwaka huu. Kila mwanafunzi aandike aya tatu kuhusu koltani, kila aya ikitumia kimoja cha vitenzi hivyo, na kila sentensi imtaje mtenda na mwaka. Darasa letu lina wanafunzi waliozaliwa pande zote mbili za mpaka. Wengine wamepoteza ndugu katika vita hivyo. Wanastahili kusoma historia yao ikiwa na tarehe sahihi.