Vijiwe vya Sikio na Jina la Samaki Asiyeonekana

Samaki afapo baharini, mwili wake hausalii kwa muda mrefu. Nyama huliwa, magamba hutawanyika, na mifupa, ambayo aghalabu ni myembamba, huvunjika kabla mchanga haujaifunika. Lakini ndani ya kichwa mna jozi tatu za vijiwe vya chokaa, vimsaidiavyo samaki kusikia na kujua kama mwili wake umekaa sawa au umeinama. Vijiwe hivi ni vizito na vigumu, na katika udongo ufaao hudumu kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo ziko tabaka za ardhi ambazo hazikuhifadhi hata mfupa mmoja wa samaki, nazo zimejaa vijiwe vya sikio kwa maelfu.

Je, yafaa kumpa jina mnyama ambaye hakuna aliyemwona, wala mwili wake wala mifupa yake, kwa sababu ya kijiwe kisichozidi punje ya mchele? Mjerumani Ernst Koken, aliyezaliwa Braunschweig mwaka 1860, alijibu kwamba yafaa. Mwaka 1884, akiwa bado kijana, alichapisha uchunguzi wake juu ya vijiwe vya sikio, hasa vile vilivyotoka katika tabaka za Oligosini za kaskazini ya Ujerumani, ambazo umri wake ni kati ya miaka milioni 34 na 23. Hoja yake ilisimama juu ya ulinganisho: vijiwe vya kale viliwekwa karibu na vijiwe vya samaki walio hai, vikatazamwa kwa makini. Upande wa ndani wa kijiwe kikubwa una mfereji, na umbo la mfereji huo hutofautiana baina ya ukoo na ukoo, hata baina ya aina na aina. Ukingo wa kijiwe hubadilika sana samaki akuapo. Mfereji huaminika zaidi.

La kusifiwa kwa Koken ni tahadhari yake. Hakudai kujua asichokijua. Kila kijiwe alikiita Otolithus, yaani jiwe la sikio. Mara nyingi alitia ukoo katika mabano, kisha jina la aina. Msomaji alielewa mara moja: aina hii ni mpya, ukoo wake wajulikana, lakini mahali pake hasa ndani ya ukoo bado hapajathibitika.

Waliomfuata hawakuwa wote na subira hiyo. Wako waliotoa majina kwa vijiwe vilivyolika kwa kusukumwa na maji, au kwa vijiwe vya samaki wachanga, ambavyo katika koo nyingi hufanana mno. Hasara yake si ndogo, maana jina la uongo huzaa historia ya uongo: ukoo huonekana kuwa wa kale kuliko ulivyo, au huwekwa katika bahari ambayo haukuishi kamwe. Mbelgiji Dirk Nolf, aliyetoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1985, alilazimika kuyapitia majina ya zamani na kuyakataa mengi.

Kazi iliyo sawa huenda polepole. Udongo huoshwa katika chekeche, vijiwe huokotwa chini ya hadubini, kisha hupangwa tangu kidogo hadi kikubwa, ili mabadiliko ya umri yasidhaniwe kuwa tofauti ya aina. Baadaye hulinganishwa na mkusanyo wa samaki wa leo. Pasipo mkusanyo huo macho makali hayafai kitu. Kijiwe kimoja huchaguliwa kuwa kielelezo na kuhifadhiwa katika makumbusho. Mara chache sana hupatikana mifupa ya kale yenye vijiwe vyake kichwani, na hapo jina la kijiwe hupata shahidi.

Koken alifariki Tübingen mwaka 1912. Kimoja katika vijiwe vyake vya 1884 alikipa jina elegans, yaani mzuri. Leo samaki huyo huitwa Trisopterus elegans, mwenye ndugu walio hai katika Atlantiki na Mediterania. Neno Otolithus limeondoka, elegans limebaki, na baada yake huandikwa jina la Koken ndani ya mabano, alama ya kwamba aina ni yake ila jenasi imebadilishwa na wengine.