Tochi Kubwa na Kilichomo Ndani Yake

Ukiniletea tochi kubwa ya bei nafuu hapa Mwanza uniulize kama inafaa kununuliwa, kwanza natafuta skrubu. Mwanga nitauangalia baadaye. Tochi iliyobandikwa kwa gundi pande zote ikizima ndiyo basi, na wazee wetu hawakuzoea kumiliki tochi ya namna hiyo.

Tochi za mwanzo kabisa zilikuwa dhaifu. Huko New York, David Misell alipata hataza mwaka 1899 na kampuni ya Conrad Hubert ikaziuza, lakini betri za wakati ule na nyuzi za kaboni hazikumudu kuwaka mfululizo. Ulimulika kidogo, ukaachia swichi, betri ipumzike. Nyuzi za tangsteni, kuanzia mwaka 1910 hivi, ndizo zilizoifanya tochi kuwa taa ya kazi.

Kwetu ilitawala tochi ya bomba la chuma, yenye betri mbili au tatu nene. Kulikuwa na betri za Tiger Head za Guangzhou, kulikuwa na National zilizotengenezwa Dar es Salaam, na upande wa Kenya Eveready walifungua kiwanda Nakuru mwaka 1967. Baba yangu mdogo alikuwa na bomba la betri tatu miaka ya mwanzo ya 1980, sungusungu walipoanza kuzunguka usiku kulinda ng'ombe. Alilitunza kama bunduki. Nyuma, ndani ya kifuniko, mlikuwa na balbu ya akiba. Springi ikishika kutu aliisugua kwa msasa. Swichi ikilegea aliukunja upya ule ukanda wa shaba. Betri zikichoka alizianika juani zimpe usiku mmoja zaidi, na kweli zilimpa, kwa sababu joto huchangamsha kemikali zilizobaki.

Marekebisho yalikuwapo hata enzi hizo. Wapo waliounganisha mabomba ili betri ziwe nne au tano, wakidhani mwanga utaongezeka bila gharama. Balbu ya betri tatu imetengenezwa kwa volti 3.8, ukiipa volti 6 inang'aa sana kwa muda mfupi, kisha inaungua. Gharama kubwa, hata hivyo, ilikuwa betri zenyewe. Ganda la zinki ndilo linaloliwa betri inapofanya kazi, kwa hiyo ukiisahau ndani huvuja na kulitafuna bomba. Asiyemudu betri alikwenda Makoroboi, hapahapa mjini, akanunua kibatari kilichofuliwa kwa kopo.

Kisha ikaja LED. Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia alitoa LED ya bluu yenye nguvu mwaka 1993, na ya mwanga mweupe ikafuata mwaka 1996. Muda si mrefu maduka yakajaa tochi za plastiki, kubwa kama chungu, zenye plagi ya kuchajia. Nacho kiwanda cha betri cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014.

Hizi za plastiki ndizo zinazonisumbua moyo, kwa sababu wanaozinunua ni mlinzi, mvuvi wa dagaa na mkunga wa zahanati isiyo na umeme wa uhakika. Ukifungua nyingi utakuta betri ndogo ya asidi ya volti 4 katikati ya nafasi tupu. Betri hiyo haivumilii kukaa bila chaji: salfeti huganda kwenye sahani zake, na baada ya miezi dukani inaweza kuwa imekufa kabla hujailipia. Chaja yake mara nyingi ni kepasita tu bila transfoma, maana yake nyaya za ndani zimegusana na umeme wa ukutani. Kamwe usiifungue ikiwa imechomekwa.

Vijana huitoa ile betri ya asidi na kuweka 18650, zile za lithiamu zinazotoka kwenye kompyuta mpakato. Wazo ni zuri, ila kazi hufanywa nusu. Chaja ya zamani haijui kukata umeme betri ya lithiamu ikifika volti 4.2, na hapo unalala na moto kitandani. Lazima kiwekwe kibao cha kuchajia lithiamu. Tena, LED nyingi za tochi hizi zimeungwa sambamba bila rezista, zikitegemea udhaifu wa betri ya awali. Ukizipa betri yenye nguvu, zinaungua. Na betri iliyoandikwa mAh 9,900 usiiamini: 18650 nzuri hufika karibu 3,500.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aiwashe na kuiacha ikiwaka mnapoongea. Ikififia mbele yako, iache. Ikiwa ina skrubu, kioo kizuri cha kuakisi na nafasi ya kuweka kibao kipya, inunue, ukiweka kando bei ya matengenezo tangu mwanzo. Lakini kama nyumbani kuna bomba la chuma la zamani, usilitupe na wala usinunue la plastiki. Betri moja ya 18650 inaingia humo kwa kuzungushiwa kipande cha mpira, LED ya kisasa inakaa pale ilipokuwa balbu, na chuma hutoa joto la LED vizuri kuliko plastiki yoyote.