Mvinyo wa Cape na waliobeba matenga

Nilikuwa Cape Town kikazi, na Jumamosi nikadandia basi dogo la watalii kuzungukia mashamba ya mizabibu: Constantia asubuhi, Stellenbosch mchana, Franschhoek jioni. Kila kituo ni kuonjeshwa tu.

Mwongozaji alikuwa na hadithi tamu. Jan van Riebeeck alikamua zabibu za kwanza Februari 1659. Simon van der Stel akapewa shamba la Constantia mwaka 1685. Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso ya dini wakaingia 1688. Hata Napoleon, akiwa kifungoni St Helena, aliletewa mvinyo wa Constantia.

Sawa, lakini nani alilima? Nikauliza. Basi zima kimya.

Walilima watumwa, kutoka Madagaska, India, Indonesia na Msumbiji, yaani pwani hii hii yetu. Utumwa ulifutwa 1834, ila waliachiwa hasa 1838. Baada ya hapo vibarua wakawa wanalipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, mtindo ulioitwa "dop". Ukishamlewesha mtu tangu asubuhi, atadai nini? Jeraha bado lipo: Western Cape ni miongoni mwa sehemu duniani zenye watoto wengi walioathiriwa na pombe wakiwa tumboni.

Glasi ya mwisho sikuimaliza. Sisemi msinywe, mwenyewe nimerudi na chupa mbili. Ila tukisimuliwa historia ya mwenye shamba, tuwaulizie na waliobeba matenga.